Oksijeni ya Mama msiiongeze wenyewe

Leicester, Jumapili usiku

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote sikio langu lilikuwa kwa Mama, nyuma yako, anavyohema. Pole sana kwa kukesha wodini.

Umesema juzi alipobanwa, Mama Mdogo alizungusha mtungi mwenyewe mpaka kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damuni kikasoma asilimia 98, mkashukuru. Nawaomba msirudie. Kwa mapafu kama yale, yenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa (COPD), kwa kawaida hutakiwa kisome kati ya 88 na 92. Wazee wa kifua ninaowahudumia huku wameandikiwa hivyohivyo kwenye mafaili yao. Oksijeni ikizidi, hewa chafu humjaa mtu damuni. Kichwa kinamuuma, anasinzia, anaongea ovyo, nanyi mtadhani amepata usingizi kumbe ndiyo anazama. Ukimwona hivyo mwite daktari, usingoje zamu ya asubuhi. Akibanwa, mwite nesi. Nyie mkalisheni, ainamie mto mezani, atoe pumzi polepole kwa mdomo kama anayepoza chai.

Na ile pampu yake ya kuvuta dawa ya kifua, dawa inaishia ulimini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, itoboe kitako tundu la kuenea mdomo wa pampu, yeye aibane shingo ya chupa kwa midomo. Bonyeza mara moja, avute taratibu mara nne au tano. Muoneshe nesi kwanza.

Anauliza kwa nini yeye, hali sigara hajaishika. Wewe hulikumbuki lile banda la uani. Miaka 20 na ushei anakaanga vibua kwa kuni, macho mekundu, mimi napuliza moto. Ada yangu ilitoka kwenye moshi ule. Kisha akanyweshwa dawa za TB miezi 6, na makohozi hayakuwa yameonesha kitu. Tulinyamaza. Safari hii uliza, hata wakikuona msumbufu.

Hela ya jiko la gesi nimetuma. Atasema maharage ya gesi hayana ladha, mwache aseme.

Ruhusa ya kuja sijapata, na hilo naona haya hata kuliandika. Kesho saa mbili usiku mwekee simu sikioni. Asijisumbue kujibu. Ahemee tu, nitaongea mimi.

Kaka yako