Mto uliopanda mlima kwenye ukuta wa gombolola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mchoraji ramani mstaafu, umri wangu ni miaka 70 na ushei, nakaa Kasese. Kiswahili changu nilikiokota kambini kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, alikokuwa akichimba marehemu baba, kwa hiyo ukikuta kina vumbi nivumilie.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye ukumbi wa gombolola, yaani kata yetu, kuonyeshwa ramani ya mafuriko. Sisi wa kando ya mto Nyamwamba hatuna haja ya kuelezwa mafuriko ni nini. Mei 2013 maji yalishuka na mawe, Mei 2020 yakarudi, na mara zote mbili hospitali ya Kilembe iliumia. Basi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Vijana wawili wenye kompyuta na projekta wakaweka ukutani picha ya setilaiti, juu yake wakalaza mstari wa mto, kisha nyumba, kisha barabara, mwisho mkanda mwekundu uliofuata mto kushoto na kulia. Nyumba yoyote iliyoguswa na wekundu, wakatuambia, itahama.

Nikamwona jirani yangu, mama mjane, nyumba yake imo katikati ya wekundu. Nyumba ile iko juu kwenye mteremko wa upande wa kaskazini. Yeye mwenyewe mtoni hashuki tena, magoti hayamruhusu. Huku chini ukingoni kuna vibanda ambavyo 2020 vilijaa tope mpaka madirishani, na ramani ilikuwa imeviacha salama salimini. Nikanyoosha mkono: "Wanangu, mto wetu umeanza lini kupanda mlima?" Watu wakacheka. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu, "Mzee, hii imetoka kwenye kompyuta."

Imetoka kwenye kompyuta, sawa. Iliingiaje?

Mimi nilijifunza kazi hii kwa karatasi angavu na wino, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Mito karatasi yake, barabara yake, mipaka yake. Kabla hujachora chochote unaweka misalaba minne pembeni, na ukilaza karatasi juu ya nyingine, misalaba ikae juu ya misalaba. Isipokaa, mkubwa wa chumba anaichana mbele ya wenzako na chai ya saa nne huinywi. Kompyuta ilikuja kutupunguzia kazi hiyohiyo. Hata Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada na ambaye wengi humwita baba wa mfumo wa taarifa za kijiografia, alisukumwa na jambo la huku kwetu: kampuni yake ilitakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti Kenya, ikaonekana kulaza ramani zote zile kwa mikono kungegharimu pesa nyingi mno. Hiyo ni miaka ya 1960. Misalaba minne haikufutwa, Mhariri. Ilihamia ndani ya faili, na huko ndiko inakopotea.

Niliwaomba vijana mafaili yao, wakanipa kwenye flashi bila ubishi, nawashukuru. Nyumbani mjukuu wangu, aliyekuja likizo, akayafungua kwenye QGIS, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua. Hakukaa dakika kumi. "Babu, faili la mto halina prj."

Nieleze. Sheipufaili, aina ya faili la ramani, ina jina moja lakini ni familia: shp yenye maumbo, shx ya faharasa, dbf yenye jedwali, na prj, kijifaili kidogo kinachosema namba hizi zimepimwa kwa msingi gani (umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu) na katika kanda ipi. Watu hutumiana kwenye WhatsApp wakamwacha huyu wa mwisho nyuma kwa sababu ni mdogo, na ramani inafunguka bila yeye. Inafunguka, lakini haijui iko wapi duniani. Programu ikikuuliza, mwenye haraka anajibu WGS84, msingi wa jipiesi (GPS), kwa kuwa ndio anaousikia kila siku. Ila mto ule ulinakiliwa kutoka karatasi ya zamani ya 1:50,000, nayo ilipimwa kwa msingi wa Arc 1960. Huku kwetu tofauti ya misingi hiyo miwili ni karibu mita 300 kaskazini-kusini. Mjukuu wangu akaliambia faili ukweli wake, Arc 1960, na mto wote ukateleza kusini ukalala bondeni, juu ya mto wa kwenye picha. Nilipiga kofi kama mtoto.

Kanuni zetu za mwaka 2000 za kingo za mito zinataja ukanda wa mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Kosa la mita 300 linaumeza ukanda wowote kati ya hiyo na bado lina njaa. Hata mto ukiwa mahali pake, kalamu niliyotumia miaka ile ilikuwa na unene wa milimita 0.3, ambao kwenye 1:50,000 ni mita 15 za ardhi. Nusu ya ukanda wa mita 30 ni wino wangu! Kuupima ukanda huo kutoka kwenye mstari kama ule, kisha kwenda kumwambia mtu kwamba jiko lake limo na sebule haimo, ni mzaha. Na mto wenyewe ulichorwa kabla ya mawe ya 2013 kuupa njia mpya hapa na pale.

Wilaya yetu, kwa bahati, ni shule nzuri ya makosa haya. Ikweta inatukata, na longitudo 30 Mashariki inatukata pia, kwa hiyo tumo katika kanda nne za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande na kuvipima kwa mita: 35 na 36, Kaskazini na Kusini. Mjukuu wangu alijaribu kwa makusudi kuchukua namba za Katwe, zilizo kanda ya 35 Kusini, akazibandika jina la 36 Kaskazini. Ziwa la chumvi likaruka likatua jirani na Ncha ya Kaskazini, kwa sababu kwa kanda za kusini ikweta huhesabiwa kuwa mita 10,000,000, na kwa za kaskazini ni sifuri. Tulicheka sana. Kosa hilo silihofii, maana hata kipofu ataambiwa. Ninalolihofia ni la mita 300, ambalo ukutani linaonekana kama kazi safi.

Lipo jingine, nalipita haraka. Jedwali la watu huunganishwa na mipaka kwa majina. Jedwali moja linaandika Lhubiriha, jingine Lubiriha. Sisi tunajua ni palepale Mpondwe. Programu haijui, inaacha mahali pale patupu, na mwenye kusoma anadhani hapaishi mtu. Siku ya soko angekosa pa kuweka mguu.

Siwalaumu vijana wale kwa kutojua. Nawalaumu wakubwa waliowaleta mbele yetu bila kuwapa siku moja ya kuvaa gambuti. Ombi langu ni dogo. Ramani yoyote itakayotumika kumhamisha mtu iandikwe pembeni, kwa kila tabaka: limetoka wapi, la mwaka gani, la kipimo gani, la msingi gani. Halafu wenye ramani waende na jipiesi na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwenye sehemu tatu ambazo hazihami, tuseme daraja, kanisa na msikiti, waone kama ramani na ardhi zinasalimiana. Ni asubuhi moja tu.

Ramani iliyosahihishwa nimeirudisha kwenye flashi ileile. Nimeambiwa italetwa kikao kijacho, tarehe bado. Wakati huohuo ukuta wa yule mama una alama ya X nyekundu waliyoipaka wiki ya kwanza. Ni rangi ya mafuta, ameisugua kwa sabuni na mchanga, haitoki, na mafundi aliokuwa amewaahidi kazi ya kuezeka upya wamekwenda kwa wengine.

Mchoraji ramani mstaafu,
Kasese, Uganda