Barua kwa Baba: jina lako limo kwenye rejesta

Leicester,
Novemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Barua yako niliipokea Jumapili kutoka kwa mtoto wa Mzee Kombo, nikaisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Nimefurahi kusikia kwamba mguu wa Mama umepata nafuu na kwamba mvua za vuli zimeanza vizuri. Laki nane za bati nimezituma jana kwenye simu ya Rehema. Naomba zinunuliwe za geji 28, wala si zile nyembamba alizozileta fundi mara ya kwanza. Shauri la fedha linaishia hapo, kwa sababu lililonikalisha chini kuandika kwa mkono badala ya kupiga simu ni yale yaliyosemwa kwenye hitma ya Bibi.

Rehema amenieleza yote. Baba Mdogo alisema, mbele ya jamaa waliotoka Pangani na Lushoto, kwamba kazi niliyosomea, ya afisa ustawi wa jamii, ni ya kunyang'anya watu watoto wao, kwamba fedha ambazo zingejenga nyumba ya ukoo zimeliwa na ada ya chuo cha Wazungu, na kwamba ndiyo maana sikuja kumzika bibi yangu. Amenieleza pia kwamba wewe ulinyamaza. Sikulaumu, Baba, msibani mtu humeza mengi, na mdogo wako ni mdogo wako. Lakini naomba barua hii isomwe kwa sauti siku ambayo Baba Mdogo yupo, tena isomwe yote.

Naanza na ada, kwa kuwa ndilo jambo jepesi. Sikulipa hata senti moja. Nimesoma shahada yangu kwa njia ya uanagenzi: niliajiriwa kwanza na halmashauri ya huku, nikalipwa mshahara kila mwezi kwa miaka mitatu, tangu Septemba 2022, na katika kila wiki nikatengewa siku moja ya chuo. Wanafunzi wa kawaida wakati huo walikuwa wakitozwa pauni 9,250 kwa mwaka. Yangu ililipwa na mfuko wa tozo, kwani tangu Aprili 2017 kila mwajiri wa Uingereza ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa nusu ya asilimia moja kwa ajili ya kufundisha wanagenzi, na mwanagenzi mwenyewe haruhusiwi kutozwa chochote. Kwa hiyo nyumba ya ukoo haikuliwa na chuo. Katika miaka hiyo mitatu nilituma nyumbani kila mwezi isipokuwa miezi miwili, na daftari la Rehema linaonyesha.

Mlango uliokaribia kunifungia njia ulikuwa ule unaoujua wewe kuliko mtu mwingine yeyote: hesabu. Hawakunipokea mpaka nifaulu hesabu na Kiingereza kwa kiwango chao. Nilikumbuka siku matokeo yetu ya kidato cha nne yalipobandikwa ukutani, jinsi wewe, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na mmoja, ulivyosoma namba yangu ya mtihani, ukanishika mkono, tukarudi nyumbani bila kusema neno. Nilisoma usiku baada ya zamu kwa mwaka mzima, nikitumia njia yako ile ya kugawanya sehemu kwa vipande vya chungwa, na nikafaulu nikiwa na miaka thelathini na minane. Siku hiyo nilitaka kukupigia simu nikaona haya. Sasa nakuandikia: nilifaulu, Baba, kwa mara ya kwanza, bila kurudia.

Najua pia kwamba kwa miaka mingi hapo nyumbani ilisemwa kwamba nilikuja huku kuosha wazee. Ndiyo, niliosha wazee, na sijutii, kwa sababu huko ndiko njia hii ilikoanzia. Mji huu una Wahindi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengine waliotoka Kenya na kwetu. Mmoja wa wazee niliowahudumia, mama wa Kigujarati ambaye sasa ni marehemu, alizaliwa Tanga mjini na kulelewa na yaya wa Kidigo. Ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, Kiingereza kilimtoka chote, akabaki na lugha ya mama yake na lugha ya yaya wake. Alipokuja afisa ustawi wa jamii kumtathmini, mwanawe hakuwepo, na mama yule hakujibu swali hata moja mpaka nilipoliuliza kwa Kiswahili. Akasema anaogopa nini usiku, anataka nani amwogeshe, na kwa nini hataki kuhamishiwa kwenye nyumba ya wazee. Afisa yule aliandika kurasa tatu. Alipokuwa akivaa viatu vyake aliniuliza kwa nini sifanyi kazi yake. Sitaeleza zaidi habari za mama huyo, kwa maana siri ya kazi haimaliziki mtu akifa.

Ili mtu ahitimu lazima akamilishe siku 200 za mafunzo kwa vitendo, yakiwemo yale ya stadi, katika mazingira yasiyopungua mawili tofauti. Mimi nilianza na wazee, nikamalizia na watoto na familia. Kila hatua ina msimamizi anayekaa pembeni akitazama unavyozungumza na watu, kisha anakuuliza kwa nini ulisema hivi na si vile, nawe unaandika, unaandika tena, mpaka jalada lako linajaa. Wewe uliyepita chuo cha ualimu Korogwe unajua hali ya kufundisha huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa. Mengine ya miaka hiyo sina haja ya kuyaeleza, yalikuwa, yamepita.

Nimepata daraja la pili la juu. Nimepita tathmini ya mwisho. Na sasa sikiliza hili, Baba, kwa sababu ndilo ninalojivunia kuliko joho na kofia: katika nchi hii jina la afisa ustawi wa jamii linalindwa na sheria, na mtu asiyesajiliwa akijiita hivyo anatenda kosa. Usajili uko chini ya chombo kiitwacho Social Work England, chenye makao yake Sheffield, kilichoanza kazi Desemba 2019, na rejesta yake iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Mwambie mtoto wa Rehema akufungulie kwenye simu. Utaona jina langu, na jina la ukoo lililo mbele ya macho yako litakuwa lako, herufi kwa herufi, kama ulivyoliandika kwenye cheti changu cha kuzaliwa pale Muheza. Katika ukoo wetu wote, kwa baba na kwa mama, hakuna aliyepata kuwa na shahada. Nimeipata mimi, binti uliyeambiwa umwoze.

Nije sasa kwenye kunyang'anya watoto. Baba Mdogo anadhani kwamba ninaingia katika nyumba ya mtu na kutoka na mtoto mkononi. Sina uwezo huo, wala hakuna afisa wa kazi yangu aliye nao. Mtoto asipotolewa kwa ridhaa ya wazazi wake, anatolewa kwa amri ya mahakama. Katika hatari ya papo hapo polisi wanaweza kumchukua, lakini kwa saa zisizozidi 72. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, ambayo nimeisoma mpaka kurasa zimelegea, inaitaka halmashauri kwanza kabisa iwasaidie watoto wenye uhitaji ili walelewe na familia zao wenyewe, pale ambapo jambo hilo ni salama. Sehemu kubwa ya wiki yangu ni kutafuta kitanda cha mtoto anayelala sakafuni, kumwombea mama nafasi ya matibabu, kumsindikiza baba mbele ya mwalimu mkuu. Zipo siku za kwenda mahakamani. Siku hizo sili, na usiku wake silali, na ningemwogopa mwenzangu ambaye angelala.

Tena kuna jambo ambalo nililiona nikakukumbuka hadi machozi yakanitoka mbele ya msimamizi wangu. Tangu miaka ya 1990 Waingereza wameanza kutumia utaratibu uliotoka kwa Wamaori wa Nyuzilandi, ambako uliingizwa katika sheria mwaka 1989. Mtoto anapokuwa na shida nyumbani, ukoo wake wote huitwa, shangazi, wajomba, babu na bibi, na rafiki wa karibu, wakaketi pamoja. Maafisa wanaeleza wasiwasi wao kisha wanatoka nje, wanauacha ukoo peke yake chumbani ushauriane namna ya kumlinda mtoto wao. Nilikaa kwenye kiti cha nje nikisikia sauti zikipanda na kushuka nyuma ya mlango, na nikauona mwembe wetu, na mkeka, na wewe ukimpa kila mtu zamu yake ya kusema siku ile ya kesi ya watoto wa marehemu Shangazi. Waliponiuliza nilikojifunza kutulia namna ile, niliwajibu: kwa baba yangu.

Ndiyo maana suala la Zuwena limeniuma. Ugomvi huu wote ulianza mwezi wa saba, nilipokataa kumsaidia Baba Mdogo kumleta mjukuu wake London kwa wale mume na mke aliowajua kupitia rafiki yake wa Kariakoo, waliosema watamsomesha, naye awaangalizie mapacha wao. Hakunisikiliza kwenye simu, basi asikie leo. Mwaka 1998 wazazi wa Victoria Climbié, watu wa Kodivaa, walimkabidhi binti yao kwa shangazi wa baba yake, mtu wa damu kabisa, aliyeahidi kumpatia elimu Ulaya. Aliingizwa Uingereza kwa pasipoti ya mtoto mwingine na kuitwa Anna. Shule ya huku hakuiona. Shangazi yule na mwanamume wake walimtesa mpaka akafa tarehe 25 Februari 2000, akiwa na miaka minane, na mwilini mwake zilihesabiwa alama 128 za majeraha. Maafisa ustawi wa jamii, polisi na madaktari walikuwa wamemwona kwa nyakati mbalimbali, lakini hakuna aliyeketi naye ipasavyo akamsikiliza. Uchunguzi wa Lord Laming wa mwaka 2003 ulisema hayo wazi, na sheria ikabadilishwa mwaka uliofuata. Kila mwanafunzi wa kazi hii husoma habari za mtoto huyo. Darasani kwetu nilikuwa mimi peke yangu niliyejua kwamba wazazi wake hawakuwa wajinga wala hawakukosa mapenzi, kwa sababu ahadi ile ile niliisikia ikitolewa kwenye baraza yetu.

Huku mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa watu wasio ndugu zake wa karibu, halmashauri lazima ijulishwe, na afisa aende kumtazama kila baada ya wiki zisizozidi sita katika mwaka wa kwanza. Nilimtaka Baba Mdogo awaulize rafiki zake kama wako tayari kwa hilo. Wakakata mawasiliano naye, na lawama nikabebeshwa mimi. Sijasema kwamba ni watu wabaya. Nasema kwamba sikuweza kuandika barua ya kumdhamini mtoto wetu aingie katika nyumba ambayo wenyewe hawataki ichunguliwe, na hata kama nisingekuwa na jina kwenye rejesta yoyote, bado nisingeiandika.

Kuhusu Bibi. Alifariki Januari, nami nilikuwa katikati ya mafunzo yangu ya mwisho, nauli ya ghafla sina, na familia mbili nilizokabidhiwa zilikuwa na tarehe za mahakama wiki hiyo. Nilichagua kubaki, Baba. Baba Mdogo ana haki ya kunilaumu kwa hilo, na mimi najilaumu kabla yake. Lakini na yeye akumbuke kwamba ni mimi niliyemtetea Bibi mlipotaka kumhamishia Dar es Salaam kwa nguvu, mkisema amechanganyikiwa kwa kuwa amekataa. Sheria ya huku ya mwaka 2005 inatufundisha kwamba mtu hahesabiwi kuwa hana akili timamu kwa sababu tu amechagua jambo ambalo wengine hawalioni kuwa la busara. Bibi alichagua kufia chini ya michungwa yake, na ndivyo ilivyokuwa. Huku sokoni machungwa yana ngozi inayong'aa kama dhahabu. Nikiyamenya nayafumba macho na kujaribu kuyaona ya kijani, na harufu haiji.

Nitakuja Juni inshallah, nikimaliza sehemu kubwa ya mwaka wangu wa kwanza wa uangalizi kazini. Nitakwenda kaburini kwanza kabla ya kuingia nyumbani. Sare ya Zuwena, madaftari, chakula cha shule na gharama ya bweni nitavilipa mimi kuanzia Januari, asome hapo hapo nchini, karibu na mama yake.

Lakini kabla hamjakubali au kukataa kwa niaba yake, mpeni kalamu na karatasi, mwacheni peke yake barazani, aniandikie mwenyewe anataka nini. Ana miaka kumi na miwili, na Sheria ya Mtoto ya kwetu ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake. Tangu mwezi wa saba nimeongea na kila mtu katika nyumba ile kuhusu Zuwena, na hakuna hata mmoja, nami nikiwemo, aliyemuuliza.

Nisalimie Mama, na mwambie asichuchumae.

Binti yako,
Mwanahamisi