Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mjini Magharibi: Tupe Maisara saa moja kila Jumapili, masika na kiangazi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Assalamu alaikum.

Nakuandikia kuomba kibali cha mwaka mzima cha kutumia viwanja vya Maisara kila Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa moja na nusu, kwa mbio za kilomita tano ambazo mtu yeyote atakimbia bila ya kulipa hata senti. Siombi fedha, fulana, jukwaa wala spika. Naomba kibali ambacho hakitakatika mvua za masika zikishika.

Zanzibar si wageni wa mazoezi. Kila tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi Kitaifa, vikundi vya Unguja na Pemba hukutana pamoja na wageni kutoka Bara, na siku hiyo mtu akiutazama mji atadhani hakuna mgonjwa hata mmoja. Jumapili za kawaida pia, ukisimama pale Maisara kukianza kupambazuka, utavisikia vikundi kabla hujaviona: filimbi inatangulia, halafu sauti ya kiongozi, halafu watu wanaitikia mchakamchaka huku raba zinapiga lami kwa pamoja. Nimekulia humo na navipenda vikundi vyetu. Lakini kikundi kina sare yake, mchango wake na mwendo wake. Mtu wa miaka hamsini na tano, mzito, aliyeambiwa juzi tu na daktari kuwa ana sukari, anaona haya kuingia kwenye mstari ambao atauchelewesha. Basi anasimama kando, anatazama, kisha anarudi nyumbani kunywa chai.

Mbio ninazokuombea kibali zimeanza mbali na sisi. Tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park, London, bwana mmoja anayeitwa Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13, wakakimbia kilomita tano huku wenzao wachache wakiwapigia saa. Wiki iliyofuata wakarudi. Leo mbio hizo zinaitwa parkrun na zipo katika nchi zaidi ya ishirini. Barani kwetu zilifika Afrika Kusini mwaka 2011, zikiletwa na Bruce Fordyce, yule bingwa wa mbio ndefu za Comrades. Kila mahali sharti ni lile lile: bure, kila wiki, kilomita tano, na kazi yote inafanywa na watu wanaojitolea. Unajiandikisha mara moja tu, unapewa alama ya mistari kama zile zilizobandikwa kwenye bidhaa za dukani, na ukimaliza mbio mtu anaipiga mashine kidogo, muda wako ukaandikwa.

Nilizikuta nilipokuwa masomoni Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwenye kiwanja cha Woodhouse Moor kilicho jirani na chuo kikuu. Ninachotaka uone ni wakati wa baridi, kwa sababu hapo ndipo penye funzo kwetu. Mwezi wa Disemba kule jua linachomoza saa mbili imeshapita na linazama kabla ya saa kumi alasiri. Jumamosi saa tatu asubuhi majani ya kiwanja yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, ukiyakanyaga yanavunjika kwa sauti. Pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Na watu wamekuja! Wanafunzi, wazee, kina mama wanasukuma vitoto kwenye vigari, mtu na mbwa wake. Mwanamke mmoja mtu mzima, amejifunga skafu mpaka puani, alikuwa akisimama kwenye kona yenye upepo mkali kuliko zote, akionesha njia kwa mkono na kumwambia kila anayepita kuwa anakwenda vizuri. Hakuwa akilipwa. Mbio ziliahirishwa pale tu njia ilipokuwa na barafu ya kuteleza, na watu wakaarifiwa mapema. Mvua peke yake haikuwa sababu, wala baridi, wala kiza cha asubuhi.

Sasa tutazame kwetu. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haubadiliki mwaka mzima hata kwa saa moja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kunaonekana vizuri Januari na kunaonekana Julai. Baridi yetu ni kipupwe, upepo wa kusi unaotufanya tutafute sweta huku joto liko nyuzi ishirini na kitu. Kikwazo chetu ni masika. Mwaka baada ya mwaka naona mambo yale yale: Januari barabara imejaa, Machi ikielekea ukingoni mawingu yanajikusanya, Aprili kila Jumapili wanapungua, Mei wanabaki vijana wachache wasioogopa tope. Halafu Juni kipupwe kinaingia, hewa nyepesi, jua halichomi, msimu mzuri kuliko yote wa kukimbia katika visiwa hivi, na wale waliokuwa wanahitaji mazoezi zaidi wameshazoea kulala. Inabidi mtu aanze upya kila mwaka, na anayeanza upya kila mwaka hafiki mbali.

Ndiyo maana nalishikilia hili la kibali kisichokatika. Mtu mpya hashindwi kwa sababu ya mvua yenyewe, kwani sote tunalowa tukienda sokoni na hatufi. Anashindwa kwa sababu hajui kama atamkuta mtu. Akitoka nyumbani Kikwajuni kunanyesha rasharasha, akafika uwanjani hakuna mtu, Jumapili ya pili hatoki. Akikuta watu, hata kumi, na filimbi ikapigwa saa ile ile iliyotangazwa, atarudi. Ahadi hiyo hatuwezi kumpa ikiwa wenyewe kila wiki hatujui kama uwanja ni wetu. Niliwahi kupeleka ombi la uwanja katika ofisi moja, nikaelezwa kuwa kila siku ya kutumia ina barua yake na ada yake. Kwa tamasha la siku moja utaratibu huo unaweza kufaa. Kwa jambo la kila Jumapili, anayejitolea atamaliza nguvu zake kwenye ngazi za ofisi kabla hajavaa raba.

Nimechagua Maisara kwa makusudi. Kilomita tano tutazipata kwa kuzunguka ndani na pembezoni mwa viwanja, bila ya kufunga barabara wala kumzuia dereva wa daladala na riziki yake. Kukimbia kwa mizunguko kuna faida nyengine: anayekwenda polepole haachwi peke yake mbali, wenzake wanampita na kumsalimia, na akichoka yupo hatua chache kutoka kwenye maji na kivuli. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu ikitokea dharura. Na bahari iko pale pale, upepo wake unapoza.

Kuna nafasi moja katika mbio hizi ambayo naipenda kuliko zote. Kila wiki anateuliwa mtu wa kutembea nyuma kabisa, mfunga msafara. Kazi yake ni kuwa wa mwisho. Kwa hivyo bimkubwa aliyekuja na kanga yake na raba za kuazima, akitembea kilomita tano zote kwa saa nzima, hawi wa mwisho hata siku moja, na saa haizimwi mpaka amefika. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Huyo bimkubwa akitembea Jumapili moja ameshapata 60. Madaktari wetu wanawaambia wagonjwa wa presha na sukari wafanye mazoezi, na wanasema kweli, lakini mgonjwa akitoka mlangoni anajiuliza akafanyie wapi na nani. Uingereza mwaka 2018 chuo cha kitaifa cha madaktari wa familia kilianza kushirikiana na parkrun ili vituo vya afya viwaelekeze wagonjwa kwenye mbio za jirani. Sisi tuna vituo vya afya mpaka shehiani. Daktari akiweza kusema “nenda Maisara Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, hawalipishi, kuna mtu atatembea na wewe”, hayo ni maagizo ambayo mgonjwa anaweza kuyatimiza.

Kuhusu wanawake nataka kusema kwa uwazi. Dada zetu wengi wanafanya mazoezi, ila wanatafuta mahali penye watu wa heshima, penye mwanga, ambapo hakuna wa kuwatupia maneno. Mbio za kila wiki, za watu wa rika zote, baba na binti zake, mume na mke, zinawapa hayo kuliko barabara ya peke yao. Atakayevaa baibui atavaa, atakayevaa suruali na ushungi atavaa. Lakini ule upande wa viwanja wenye kiza unahitaji taa, kwa sababu wanaojitolea watafika kupanga koni kabla ya jua kutoka na wengi wao watakuwa wanawake. Na vyoo vya uwanjani vifunguliwe saa hiyo. Haya mawili ndiyo pekee yatakayoigharimu Serikali chochote, na yatawafaa watu siku zote saba za wiki.

Nimependekeza Jumapili badala ya Jumamosi ya wenzetu kwa kuwa vikundi vyetu vimeshaizoea, na saa hiyo kwa sababu sala ya Alfajiri imeshasaliwa na watoto wanawahi chuo cha Kurani. Ramadhani, ambayo miaka hii inaingia kabla masika hayajakolea, wakimbiaji wenyewe wataamua kama wasimame au wahamie jioni kabla ya futari. Radi ikipiga tunaahirisha, hapo hakuna ubishi. Sehemu ya uwanja ikituama maji tunageuza njia, na wanaojitolea watakuwa wameipitia jana yake jioni. Watoto wadogo watakimbia mikononi mwa wazee wao.

Naomba pia usichukie nikikuomba mambo mawili ambayo si kawaida kumuomba kiongozi. La kwanza, asiwepo mgeni rasmi. Nakuheshimu na nitafurahi mno kukuona, lakini njoo na raba zako upange mstari pamoja na sheha, mwalimu wa skuli na muuza samaki, na filimbi ipigwe wakati wake, aliyefika amefika. Shughuli zetu nyingi zinaanza vizuri kisha zinazeeka kwa kusubiri. La pili, rangi za vyama zibaki nyumbani, za vyama vyote. Katika visiwa hivi tumejua mitaa ambayo watu walifika kuchaguliana baraza ya kukaa na duka la kununulia. Mtu na jirani yake waliogombana wakati wa uchaguzi wanaweza kukimbia mizunguko ile bila ya kuzungumza, kisha mmoja akamshikia mwenziwe chupa ya maji. Nalitaka sana hilo, Mheshimiwa, na najua halitatokea ikiwa mbio zitaonekana ni za upande mmoja.

Simtafuti bingwa. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, na kama mtoto wa Maisara atafuata nyayo zake tutamshangilia. Lakini mashindano yana watu wake na vyama vyake. Hizi ni mbio za yule ambaye hajakimbia tangu skuli.

Maisara ikisimama, Pemba wanao uwanja wa Gombani, na nina hakika watu wa Chake hawatasubiri kuambiwa mara mbili. Hilo ni la Mkuu wa Mkoa mwenzako, naliacha.

Pamoja na barua hii nitaleta ofisini kwako mchoro wa njia, orodha ya vifaa (koni, filimbi, saa mbili za kupimia muda, sanduku la huduma ya kwanza, daftari) ambavyo tumeshaanza kuvichanga wenyewe, na majina ya waliokubali kujitolea. Nimewaomba wajiandikishe kwa mwezi, na nimeanza na Aprili na Mei, kwa sababu wa Januari hatukosi. Tunachohitaji kutoka kwako ni karatasi moja yenye muhuri, inayotaja Jumapili zote za mwaka, na nakala yake kwa msimamizi wa viwanja ili asitufungie geti siku ya mvua akidhani hatuji.

Wako mtiifu,

Mkaazi wa Kikwajuni