Bomba linalovuja hufyonza uchafu maji yakikatika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye nyumba wa Dar es Salaam, hasa wale ambao wapangaji wao wameshawapigia simu mara kadhaa kuhusu bomba linalovuja, wakajibiwa kwamba fundi atakuja mwisho wa mwezi.

Wengi hupima uvujaji kwa bili. Tega chupa ya lita moja chini ya tone. Ikijaa kwa dakika 10, hizo ni lita 144 kwa siku, na kwa mwezi zinapita uniti nne, maana uniti moja ni lita 1,000. Inauma, lakini inalipika, na ndiyo maana watu wanavumilia. Hatari kubwa iko kwingine: mgao.

Bomba likiwa na presha, maji hutoka nje kupitia tundu. Maji yakikatika, yaliyobaki ndani huteremka kuelekea nyumba za bondeni, na huko nyuma bomba linabaki likivuta. Tundu lile lile sasa linafyonza. Kama bomba limefukiwa karibu na chemba au shimo la choo, jambo la kawaida kwenye viwanja vyetu vidogo, kinachofyonzwa ni maji taka. Jirani aliyefunga pampu moja kwa moja kwenye laini, badala ya kuvuta kutoka kwenye tangi lake, anaongeza mvuto huo kwa mtaa mzima. Maji yakirudi, ya kwanza kutoka ndiyo machafu zaidi, na ndiyo hayo hayo tunayoyakimbilia na ndoo. Dawa iliyowekwa mtamboni haiwezi kumaliza mzigo kama huo. Kipindupindu na homa ya matumbo huingia hivyo hata kwenye nyumba yenye bomba lake ndani.

Kufunga tundu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli hakutoshi. Hupunguza maji yanayotoka, lakini hakuzuii uchafu kuingia bomba likiwa tupu. Uwe wa saa chache tu, fundi akisubiriwa. Kwa bomba la PPR (plastiki ngumu inayoungwa kwa moto) la milimita 20, kipande kibovu hukatwa, ncha ya bomba na soketi, yaani kiungio, hupashwa kwa mashine ya moto wa nyuzi joto 260 kwa sekunde tano, kisha bomba huchomekwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Lazima bomba liwe kavu. Fundi anayeunga huku maji yanachuruzika anatengeneza mvuke ndani ya kiungio, na kitavuja tena. Bomba jipya lipite juu ya bomba la maji taka, lisipite chini yake.

Koki inayodondosha nayo ina yake. Kinachokufa kwanza ni wosha, kipande cha mpira cha nusu inchi chenye bei kama ya soda. Funga maji, fungua kichwa cha koki kwa spana, toa wosha ya zamani, weka mpya, rudisha. Ukiahirisha, maji yanayopenya kwa kasi huchimba mfereji kwenye kiti cha shaba ambacho wosha hukalia. Pitisha ncha ya kidole hapo utausikia. Mfereji ukishatokea, wosha mpya haizibi, na mtu huanza kukaza koki kwa nguvu za mikono miwili mpaka nyuzi za spindo, ule mhimili unaozungushwa na mkono wa koki, zinakatika. Hapo unanunua koki nzima, na pengine ukuta unachimbuliwa kwa sababu nipo, kile kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi kilicho ndani, imepinda.

Tangi la kufulashia choo huvuja kimya. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi, kaa dakika 20 bila kufulashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa chini umekwisha. Kama maji yanamwagika kupitia bomba la maji ya ziada lililosimama ndani ya tangi, kosa ni la floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa.

Kwa uvujaji usioonekana, tumia mita. Siku maji yanatoka, funga koki zote pamoja na inayojaza tangi la juu, kisha tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna tundu. Funga stopkoki, ile koki kuu ya kukata maji yanayoingia nyumbani: kikisimama, tundu liko ndani, kikiendelea, liko ardhini kati ya mita na nyumba. Usisubiri mamlaka ya maji ije, maana kuanzia mita kuja ndani ni mali yako na bili ni yako. Linalovuja kabla ya mita ndilo la kuwapigia wao.

Nyumba za ghorofa zina hasara ya ziada. Maji ya bafu la juu hufika kwenye nondo za zege. Nondo ikishika kutu hufura na kulipasua zege kutoka ndani, na plasta ya dari la chini huanza kuanguka vipande. Alama ya kwanza ni doa la kahawia, wala si tone. Kulipaka rangi, kama wanavyofanya wengi kabla ya mpangaji mpya kuhamia, ni kulificha tu. Na kama doa liko karibu na swichi au taa, zima umeme wa upande huo kwanza ndipo umwite fundi.

Nani alipe? Wosha na floti sioni kwa nini mpangaji asibadilishe mwenyewe. Bomba la ukutani na la ardhini ni la mwenye nyumba. Anayejenga sasa aweke stopkoki kwa kila mpangaji. Nyumba nyingi zina moja tu, huko getini, kwa hiyo kubadili wosha ya chumba kimoja kunawakatia maji wapangaji wote, na ndiyo sababu mojawapo kazi ya dakika 15 inalala miezi.

Fundi bomba,
Tabata, Dar es Salaam