Kuku Anayetazama Juu

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikicheka. Unataka kuku wapole ambao watoto wataweza kuwabeba, tena wawe chonjo wasije wakabebwa na mwewe. Mkwe wangu naye, naona, anahesabu mayai tu na ameshaamua Leghorn watupu. Mnaniomba niwatajie aina moja yenye hayo yote. Haipo, mama. Ingekuwepo ningekuwa nayo.

Nianze na hilo neno upole, maana ndilo linalofanya watu wauziwe mbuzi kwenye gunia. Kuku anaweza kuwa mpole kwa binadamu na akawa jambazi kwa wenzake. Tetea wa Rhode Island Red atakufuata unyounyo mpaka mlangoni, na mtoto akichuchumaa atamwendea mwenyewe. Lakini mtie banda moja na Silkie au Faverolles, baada ya wiki utawakuta wanyonge hao wamejibanza kwenye kona, visogo vimenyonyoka. Kuchi ndiyo usiseme: wengi wao hushikika mkononi bila taabu, ila akimwona jogoo mwenzake hapo ni mpaka mmoja alale chini. Halafu kuna upole wa tatu, ambao mimi siuiti upole hata kidogo. Ni kule kutojali. Kuku haruki, hapigi kelele, hakimbii, na mnunuzi anafurahi. Mwewe naye anafurahi.

Unawakumbuka wale Orpington wetu wa rangi ya asali? Aina hiyo aliitengeneza William Cook huko Kent, Uingereza, mwaka 1886, akianza na weusi. Hao wa rangi ya asali walifuata miaka ya 1890. Alitaka kuku wa nyama na mayai kwa pamoja, na alimpata: mzito, manyoya yamemjaa kama godoro, mwendo wa bibi harusi. Wewe ulikuwa ukiwabeba kama wanasesere. Niliwapenda kuliko kuku wote niliowahi kufuga, na mpaka leo nawapenda. Lakini siku ile nilikuwa naanika nguo. Kivuli kikapita juu ya shuka, kikakata uwanja, kikapotea. Nikawatazama kuku: vichwa chini, wote wanachakura. Kivuli kikarudi. Hakuna aliyeinua shingo. Mara ya tatu hakikuwa kivuli tena. Kifaranga wa wiki tano alinyakuliwa mbele ya mama yake, naye mama akaruka kando hatua mbili, akaduwaa kidogo, akaendelea kula. Ndani ya siku 9 walikwenda wanne.

Ndipo tukampata Kanga, yule Ancona mweusi wa madoa meupe, na jina hilo ulimpa wewe. Hukuwahi kumshika mchana hata siku moja, na ulimlilia sana. Mimi nilikuwa nikikaa kizingitini kumtazama tu. Anadonoa mara tatu, anainua kichwa. Anadonoa mara mbili, anakilaza kichwa upande, jicho moja chini, jingine mawinguni. Siku mwewe aliporudi nilisikia sauti nisiyoijua, nyembamba na ndefu, kama mtu anayevuta hewa kwenye pengo la jino. Orpington wote, hao hao mabwege wangu, wakakimbilia chini ya kichaka na kujibana chini wakatulia tuli. Hawakumwona mwewe. Walimsikia Kanga. Kumbe masikio walikuwa nayo siku zote, walichokosa ni mwenzao wa kuwaambia.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hilo limepimwa. Kuku wana kilio kimoja cha hatari ya angani na kingine cha hatari ya ardhini. Hiki cha pili ni ule mkatiko wa ko-ko-ko-ko unaopanda, unaousikia paka mgeni akipita ukutani. Watafiti waliwapigia kuku sauti hizo zilizorekodiwa, bila mwewe wala mnyama yeyote kuwepo. Waliposikia ile ya angani walijificha na kutazama juu. Waliposikia ya ardhini walisimama wima na kuangaza huku na huku usawa wa macho. Na jogoo akiwa peke yake, akimwona mwewe mara nyingi hunyamaza. Hulia akiwa na wa kumsikia.

Lile jicho la Kanga nalo si mbwembwe. Kwa kuku, jicho la kulia ndilo hasa la kuchambua punje na mchanga, la kushoto ndilo la kumvizia adui. Mambo hayo huanzia ndani ya yai. Kifaranga anayekaribia kutotolewa hujikunja hivi kwamba jicho la kulia huelekea kwenye ganda na kupata mwanga, la kushoto likafunikwa na mwili wake. Mtafiti Lesley Rogers wa Australia na wenzake waligundua kwamba vifaranga wa mayai yaliyokaa gizani tupu hupata shida kula na kuchunga adui kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, ukija kutumia mashine ya kutotolea, usiifunike giza siku zile za mwisho. Mama kuku haharibu hapo, kwa sababu huinuka kwenda kula na mayai yakaona mwanga.

Sasa usije ukakimbilia kununua kila kuku anayeruka ukimkaribia. Aliye chonjo na aliye mwoga ni wawili. Aliye chonjo huona, hulia, hujificha, na hatari ikipita hurudi kwenye punje zake. Mwoga hukimbia ndoo ikidondoka, hugonga wavu, huwatia wenzake kiwewe mpaka wanarundikana kwenye kona na wa chini hukosa pumzi. Leghorn wa mkwe wangu ni wepesi, wana macho, wanataga vizuri, mayai meupe. Ila baadhi yao wamevuka mpaka huo, na banda zima la Leghorn kwenye nyumba ya watoto wanaopiga mpira ni kujitafutia presha. Fayoumi, wale wa Misri wenye shingo ya fedha na mistari mwilini, ni hodari zaidi ya hapo kukwepa adui, lakini ukimshika mmoja atapiga ukelele majirani wadhani unamchinja.

Ukifika kwa mfugaji, basi, usianze kuuliza jina la aina. Ingia taratibu, simama, hesabu pumzi zako. Tazama nani ameinua kichwa wa kwanza, halafu tazama nani amerudi kula wa kwanza. Ukibahatika, atakuwa kuku yuleyule mmoja. Huyo mchukue hata kama hana ukoo wa kujulikana. Chotara aliyelelewa na mama yake nje, akichakura kutwa, mara nyingi huwashinda hawa wenye majina.

Na usihadaiwe na ule mchezo wa kumlaza kuku chali. Muuzaji atamgeuza, atamshika kifua sekunde kumi na kitu, atamwachia, na kuku atabaki amelala kimya kama mtoto aliyeshiba. "Unaona alivyo mpole?" Wapi! Kuku huyo anajifanya maiti kwa hofu. Watafiti hutumia jambo hilohilo kupima woga: anayekaa chali muda mrefu ndiye mwoga zaidi, anayejipindua upesi na kuondoka ndiye mwenye roho iliyotulia. Mchukue huyo aliyeondoka.

Jogoo. Shika hapo juu ya nyusi yako ya kushoto. Alama hiyo ni ya kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, na watu wote walilaumu ukoo wake kwa kuwa alikuwa Rhode Island Red. Ni kweli majogoo wa aina hiyo wana sifa ya ukali, lakini mimi najilaumu mwenyewe. Nilikuacha umlee mkononi tangu akiwa na manyoya ya hariri, umlaze kwenye kapu lako, ule naye. Alipobalehe hakukuona binadamu wa kumpisha njia, alikuona jogoo mwenzake. Tetea, watoto wawalee mikononi wapendavyo, wala hakuna ubaya. Pora, yaani jogoo mchanga, mwacheni akue na adabu ya kukaa mbali hatua tatu. Jogoo wa kumchagua ni yule anayekupisha bila kukimbia, na akiokota mdudu anamdondosha, anamwokota tena huku akiita tuk-tuk-tuk mpaka tetea waje, yeye akala mabaki. Mmoja kwa tetea kumi hivi anatosha. Siku akianza kumzunguka mtoto kwa ubavu, bawa moja limeshuka mpaka linakwaruza chini, usingoje ya pili.

Wajukuu wangu najua watataka Silkie, yule mwenye manyoya kama pamba, ngozi nyeusi na vidole vitano. Kwa upole hana mpinzani, na kulalia mayai anapenda kuliko unavyotaka wewe. Lakini haruki, usiku hulala chini marundo, na kishungi chake humfunika macho, hivyo hamwoni anayemjia kutoka juu. Ndivyo walivyo pia Polish na wengine wenye vilemba vikubwa. Hupunguzwa manyoya ya kuzunguka macho kwa mkasi, na hata hivyo bado hushtuka ovyo kwa sababu kila kitu kinawatokea ghafla. Ukiwachukua, watengee uzio wao wenye paa la wavu.

Ningekuwa mimi, kwa uwanja wako ningechukua Sussex au Plymouth Rock sita. Hao ni watulivu bila kuwa mabwege, na Plymouth Rock mwenye mistari, rangi yenyewe humsaidia kujificha. Australorp pia ni mzuri sana, tena huyo atamnyamazisha mkwe wangu: inasimuliwa kwamba zamani kuku mmoja wa aina hiyo alitaga mayai 364 kwa siku 365. Usimwambie atarajie hivyo. Halafu ongeza walinzi wawili au watatu, Ancona au Leghorn mmoja mmoja uliyempima kwa macho, na jogoo. Wote wawe wa umri mmoja na wakue pamoja, kwani kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa wembamba wenye haraka wakiingizwa baadaye huanza kwa kupigwa na huishia kukimbilia kwa jirani.

Vyombo vya chakula viwe viwili au vitatu, mbalimbali, ili mnyonge asisimame njaa akimngoja mkubwa. Mjukuu wangu wa kwanza mpe daftari aandike nani anamdonoa nani. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza hivyohivyo akiwa mtoto, akaja kulichapisha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na elimu yote ya vyeo vya kuku ikaanzia hapo. Daftari hilo litakufaa ukianza kutotoa wa kwako. Mtu hushawishika kuchukua mayai ya yule anayetaga kuliko wote, lakini wakati mwingine anataga kwa sababu amewanyang'anya wenzake. Profesa William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa akichagua kizimba kizima kilichotaga na kuishi vizuri, badala ya kumchagua kuku mmoja mmoja, na baada ya vizazi vichache tu vifo vya kudonoana vilipungua mno. Wewe huna vizimba, ila utaona nani anakaa vizuri na wenzake.

Usiku usimtegemee Kanga wala mwingine yeyote. Kuku gizani karibu haoni kitu. Hata aliye chonjo kuliko wote hugeuka gogo. Hapo kazi ni ya mlango, kitasa, na wavu wenye matundu madogo kiasi kwamba mkono wa mnyama haupiti.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Ancona kwa kawaida halalii, hivyo ukoo wa Kanga mimi huuendeleza kwa kuiba: mayai ya vitukuu vyake naweka chini ya Orpington. Sasa hivi yuko mmoja ameketi juu ya mayai 9, leo ni siku ya 14, zimebaki 7. Watakuwa na damu ya Kanga na malezi ya yule bibi harusi, na vifaranga wa mama mtulivu mara nyingi huwa watulivu zaidi kidogo kuliko ndugu zao wa mashine. Tetea watatu ni wako. Njoo uwachukue wakishaota manyoya kamili, ila uje usiku, na boksi lenye matundu, na taa usiwashe. Mchana hutawapata.

Wasalimie watoto, na mkwe wangu mwambie hesabu yake nimeiona.

Mimi mamako