Shukrani kwa Aliyenakili Karatasi ya Ijumaa

Kwako ambaye hukujitaja,

Kila Ijumaa mwalimu wa Darasa la Pili huwapa watoto karatasi inayotueleza wazazi yaliyofundishwa wiki nzima katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mahali ambapo mtoto anahitaji kusaidiwa nyumbani. Wiki iliyopita karatasi ya binti yangu ililoa mvua njiani, ikafika nyumbani haisomeki.

Jumatatu jioni nilikuta ndani ya daftari lake ukurasa ulionakiliwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu mzima, ukiwa na kila kitu, hata zoezi la kutofautisha “ng” ya ngoma na “ng’” ya ng’ombe, ambalo uliliongezea mifano yako mwenyewe: ngazi, ng’oa, ng’aa. Mwalimu anasema si yeye; binti yangu anasema ni “mama wa rafiki yangu”, na marafiki anao wengi mno. Kumbe muda wote huo alikuwa akiandika “ngombe”, nami nikidhani ni haraka tu ya kitoto.

Pokea shukrani zangu za dhati. Ukurasa wako nimeubandika ukutani, juu ya meza anayosomea.

Mzazi wa Darasa la Pili