Johnny Walker hakuwa mlevi

Mhariri,

Juzi barazani kwetu Malindi simu ya mtu ilikuwa ikipiga nyimbo za zamani za Kihindi. Kijana mmoja akauliza, "Huyu si yule mlevi, Johnny Walker?" Wenzake wakaitikia. Niliumia, ndiyo maana naandika.

Johnny Walker hakuwa mlevi. Alikuwa mchekeshaji wa filamu za Kihindi, jina lake la kweli Badruddin Jamaluddin Kazi, Muislamu wa Indore, India, na pombe hakuwa akinywa. Alikuwa kondakta wa basi Bombay, anakata tiketi huku anachekesha abiria. Mwigizaji Balraj Sahni alimpenda, akamtuma kwa Guru Dutt, mwongozaji wa filamu, ajifanye amelewa. Akaingia anapepesuka, Guru Dutt akaamini kweli. Alipoujua ukweli akampa nafasi katika filamu ya Baazi, 1951, na jina akalitoa kwenye chupa ya wiski. Chupa hiyo ndiyo inayomsingizia mpaka leo.

Mimi namkumbuka zaidi katika Pyaasa ya 1957, akiwa Abdul Sattar, mchua vichwa wa mitaani na vichupa vyake vya mafuta. Marehemu baba yangu alikuwa kinyozi. Kesho yake tulipotoka senema, Majestic pale Vuga, nilimkuta dukani anamchua mteja kwa mafuta ya nazi, vidole vinazunguka utosini, anapiga mluzi wimbo ule ule wa mchuaji kwenye filamu, ulioimbwa na Mohammed Rafi. Mteja kafumba macho, mabega yanacheza. Kihindi baba hakukijua hata neno, lakini alisema, "Yule bwana ukimtazama mikono, kazi anaijua." Kwa baba hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Filamu zake zinafika kama 300. Alijivunia kuwa wakaguzi wa filamu hawakuwahi kumkata hata mstari mmoja. Na kweli, mama na dada zangu walimtazama pamoja nasi bila mtu kuinamisha uso. Kwa Madhumati alipata tuzo ya Filmfare. Na katika Anand ya 1971 aliwaliza watu waliokwenda kucheka. Baadaye alijitenga na kazi kwa miaka mingi, akarudi 1997 katika Chachi 420, na 2003 akafariki.

Nakuomba, Mhariri, ukurasa wenu wa filamu ukimtaja, liandikeni na jina alilopewa na baba yake kando ya lile la chupa.

Mtoto wa kinyozi,
Malindi, Unguja